Sekunde Kumi na Moja

Ilikuwa sauti tu, wala si picha.
Sekunde kumi na moja, usiku wa Jumanne,
Facundo akijibu swali la hesabu
kwenye kundi la darasa letu, hapa Salto,
ng'ambo ya mto taa za Ajentina zikiwaka.
Alikwama kwenye *hipotenusa*.
Alikwama pale *hi*, akarudi nyuma, akalisukuma neno
kama mtu asukumaye pikipiki yenye betri mbovu,
mpaka likawaka.
Akatoa jibu. Jibu lilikuwa sahihi.
Hilo hakuna aliyelikumbuka.

Kulipokucha mtu alikuwa ameshaikata ile *hi*,
kaibandika juu ya mdundo wa kumbia,
*hi-hi-hi-hi*, inazunguka haichoki.
Mtu huyo hakuwa na uso. Alijiita Chungwa Bovu.

Mimi nilituma kikaragosi kimoja,
kile kinachocheka hadi machozi.
Nilikuwa napiga mswaki. Kidole gumba, basi.
Nilikuwa wa thelathini na moja.
Kisha nikampelekea binamu yangu Bella Unión,
na kipa wa timu yetu ya mpira wa mikono,
na Thiago, kwa kuwa Thiago anajua kucheka.

Husemwa neno likitoka halirudi.
Hili lilirudi.
Lilirudi kwenye basi, lilirudi kwenye foleni ya mkate,
midomoni mwa watoto wadogo wasiomjua Facundo
wala hipotenusa.
Siku ya tatu lilirudi kutoka kwa binamu:
*umeshaisikia hii?*

Facundo aliacha kuandika.
Halafu akaacha kuja.

Bi Mirtha hakutuhubiria.
"Aliyeanza atatafutwa," alisema,
"nimehifadhi picha za skrini, saa na tarehe,
na wenye kazi hiyo wanazo.
Mimi nataka kujua ilivyotembea."
Akaandika jina moja ubaoni.
"Wewe. Ulimpa nani?"
Mstari. Jina. Mstari. Jina.
Feni ilikuwa ikipeperusha vumbi la chaki
na hakuna aliyekohoa.
Chini ya *Ornella*, ambaye ni mimi, matawi matatu.
Chini ya matatu, kumi na saba.
Ubao ukaisha; akaendelea ukutani, kwenye rangi ya kijani.

Na mimi siku zote hizo nilijiita mtazamaji.

Jina moja tu halikuzaa: Nahuel, wa dawati la nyuma.
Mshale ulimfikia ukafia pale.
"Ulifanya nini?"
Akaona haya kama aliyekamatwa na mali ya wizi.
"Niliifuta. Halafu nikampigia simu.
Tukaongea habari za mbwa wake."

Jioni niliwaandikia wale watatu, mmoja mmoja.
*Ifute. Usiipeleke mbele. Mimi ndiye niliyekosea.*
Kipa alifuta. Thiago hakujibu.
Binamu akasema: *ulikuwa mzaha tu.*
Nikamwandikia: *najua, ndiyo maana niliutuma.*
Mama akavuta kiti akaketi kando yangu,
tukairipoti ile akaunti, kisha tukaizuia.
Nilidhani atanikemea. Aliuliza tu
kama nimewahi kufanyiwa hivyo nikanyamaza.

Kwa Facundo niliandika, nikafuta, nikaandika.
*Nilicheka. Sikukusudia*
Hapana. Nikafuta hilo pia.
*Nilicheka. Nilisambaza. Nisamehe ukiweza.
Na lile jibu lako lilikuwa sahihi.*

Siku mbili: alama mbili za buluu, kimya.

Kisha sauti. Sekunde arobaini na tatu.
Nilitoka nje nikakaa juu ya kreti la machungwa.
Kuna kitufe cha kuharakisha sauti mara mbili;
sikukigusa.
Alikwama mara nne.
Mara zote nne nilimngoja.

Alisema nini, usiniulize.
Mshale umefika kwangu.